Fomu Zinazokata Maneno ya Mwananchi

Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, ina jina ambalo ni mtihani wa kutosha kwa fomu yoyote ya kompyuta. Katika fomu iliyotengenezwa ovyo, mtu hulichapa jina hilo sawasawa, herufi kwa herufi, akabonyeza alama ya kutuma; ukurasa wa uthibitisho unapomrudia, mahali pa wilaya pamebaki neno "Nyang", na baada yake hakuna kitu. Fomu haikulalamika wala haikutoa onyo lolote. Imekata, imenyamaza, na imemshukuru mwombaji kwa kutumia huduma.

Huenda wapo watakaodhani kwamba hili ni jambo la mafundi, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatuoni hivyo. Leo hii sehemu kubwa ya mambo ambayo zamani yalifanywa kwa barua na kwa kufika dirishani hufanywa kwa fomu za mtandao: maombi ya leseni, usajili wa biashara, maombi ya kazi, malalamiko ya fidia. Tangu mwaka 2015 maombi ya leseni za madini yenyewe yamekuwa yakipokelewa kwa njia hiyo. Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Lwamgasa, ambaye mali yake yote imezama katika duara na karasha, karatasi itokayo kwenye mashine ndiyo inayosema yeye ni nani na eneo lake liko wapi. Karatasi hiyo ikipungua maneno, haki yake nayo imepungua.

Tuanze na hiyo ritifaa, maana huku kwetu ndiyo chanzo cha visa vingi. Kiswahili hakiwezi kuishi bila ritifaa. Bila hiyo hakuna ng'ombe, hakuna ng'ambo, na neno "ng'oa" linageuka "ngoa", ambayo ni hamu na wivu, jambo jingine kabisa. Kisukuma ndicho kimezidi: majina ya watu na ya vijiji yanayoanza kwa Ng'w na Ng'h yametapakaa kutoka Shinyanga hadi ufukoni mwa ziwa. Wala si kwetu tu. Wapo wa Mang'ula kule Kilombero, wapo wa Murang'a nchini Kenya, na wapo akina Ng'ang'a ambao jina lao moja hubeba ritifaa mbili.

Sasa basi, katika lugha ambazo kompyuta huandikiwa, alama hiyohiyo ina kazi nyingine. Hutumika kufungua na kufunga maneno, kama tunavyotumia alama za mtajo katika gazeti. Mtunzi wa programu anapouambia ukurasa uonyeshe jina la wilaya, hulizungushia alama hizo mbili, moja mwanzo na moja mwisho. Jina likiwa Geita au Chato hakuna taabu. Likiwa Nyang'hwale, mashine inafika kwenye ritifaa, inadhani maneno yamekwisha, na inafunga mlango. Zile herufi "hwale" zinabaki nje.

Kibaya zaidi ni kwamba mara nyingi hifadhidata ilikuwa imelipokea jina zima. Ulipofika wakati wa kuhakiki, ukurasa ulilisoma jina hilo kutoka hifadhini na kuliweka tena katika kisanduku, likakatika wakati wa kuonyeshwa. Mwombaji, ambaye alikuja kusahihisha namba yake ya simu tu, anabonyeza "hifadhi", na lile pande la jina linaandikwa juu ya jina zima. Kwa hiyo mtu aweza kutuma fomu salama siku ya Jumatatu na kuiharibu Ijumaa bila kugusa mahali palipoharibika. Fundi anayekagua siku ya kwanza pekee hataona kosa, naye ataapa kwamba mtambo wake ni mzima.

Wapo watengenezaji ambao, wakiogopa balaa hilo pamoja na wahalifu wanaopenyeza amri za siri kupitia alama hiyohiyo, wameamua kuifuta ritifaa kabisa. Hiyo si dawa. Mtu mmoja atakuwa na ritifaa katika kitambulisho cha taifa, hatakuwa nayo katika akaunti ya benki, na katika leseni atakuwa amebaki na herufi mbili za mwanzo, N na g. Atakapoambiwa athibitishe kwamba watu hao watatu ni yeye, atatafuta wakili wa kumwapisha, na wakili hafanyi kazi bure. Njia iliyo sahihi inajulikana kwa mafundi na ni ya siku nyingi: amri zitengwe na taarifa, kila kimoja kipelekwe kwa njia yake, na kila alama ya mwananchi igeuzwe kuwa maandishi matupu kabla ya kuonyeshwa kwenye ukurasa. Haigharimu fedha za kigeni.

Kwa wachimbaji kuna hatari nyingine itokanayo na alama hiyohiyo. Eneo la leseni huelezwa kwa digrii, dakika na sekunde za latitudo na longitudo. Dakika huandikwa kwa mkwaju mmoja unaofanana na ritifaa, na sekunde kwa mikwaju miwili inayofanana na alama za mtajo. Mji wa Geita, kwa mfano, uko karibu na 2°52' kusini na 32°14' mashariki. Mtu akiandika 2°52'30", na mashine ikakata penye mkwaju wa kwanza, sekunde zote zimepotea na hesabu imebaki 2°52 kamili. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilometa 1.85 ardhini, sekunde moja ni kama mita 31. Sekunde 30 zilizomezwa ni zaidi ya mita 900. Leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu haizidi hekta 10, nazo zikipimwa mraba, kila upande hauzidi mita 316 hivi. Hesabu ni rahisi: eneo limehama karibu mara tatu ya upana wake na kuangukia kwenye shamba la mtu mwingine, au leseni ya mtu mwingine. Wanaojua jinsi rashi inavyoanza, na jinsi watu wanavyogombania mpaka wa hatua kumi, hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Ndiyo maana fomu iliyofikiriwa vizuri huweka visanduku vitatu mbalimbali, cha digrii, cha dakika na cha sekunde, na haimwachii mwombaji kuchapa mikwaju.

Tukiacha alama, tuje kwenye urefu. Mtunzi wa programu anapoandaa hifadhidata hulazimika kusema kila kisanduku kitabeba kiasi gani, na kwa miaka mingi desturi imekuwa kuandika 255. Namba hiyo haikutoka mbinguni. Baiti moja inaweza kuhesabu kutoka 0 hadi 255, na katika hifadhidata ya MySQL, inayotumika sana katika nchi hizi, safu ya kawaida ya maandishi haikuweza kuvuka hapo hadi toleo la mwaka 2005. Kikomo kimeondoka, mazoea yamebaki. Kwa jina la mtu nafasi hiyo inatosha. Kwa maelezo ya malalamiko haitoshi hata kidogo.

Na hapa tunagusa desturi yetu wenyewe. Barua ya Kiswahili haikurupuki. Huanza kwa salamu, ikauliza hali, ikaeleza mwandishi ni nani na anatoka wapi, ikapitia historia ya jambo, ndipo mwishoni ikafika kwenye ombi. Msukuma aliyelelewa vyema hawezi kudai fidia kabla ya kuamkia. Basi mashine inayokata kwenye herufi ya 255 hukata mwishoni, na mwishoni ndiko liliko ombi. Ofisa anapokea salamu safi, maelezo kwamba mwandishi ni mkazi wa kitongoji fulani, kwamba nyumba yake iko jirani na mgodi, kwamba mwaka fulani walifika wapimaji, na wapimaji hao waka... Hapo pamekwisha. Hakuna ombi. Tusishangae jalada likifungwa kwa maelezo kwamba mlalamikaji hakusema anataka nini. Kwa fomu za namna hii tunashauri, kwa shingo upande, ombi litangulie na salamu zifuate.

Ujumbe mfupi wa simu una kikomo chake, nacho ni cha tangu mwaka 1985, wakati Mjerumani Friedhelm Hillebrand alipohesabu herufi za sentensi mbalimbali na kuona kwamba 160 zinatosha kwa haja za kawaida. Hakuwa amesoma barua kutoka Kahama. Mfuko wa ujumbe ni baiti 140; herufi za kawaida hubanwa humo zikaenea 160. Lakini ikiingia alama moja tu isiyomo katika orodha ya kawaida, ujumbe mzima hubadilishiwa maandishi na mfuko huohuo hubeba herufi 70. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha hiyo. Ile iliyopinda, ambayo simu nyingi za kisasa huiweka zenyewe bila kuulizwa, haimo. Kwa hiyo taarifa ya herufi 150 inayotaja Nyang'hwale kwa ritifaa iliyopinda haiingii tena katika ujumbe mmoja. Inahitaji vipande vitatu. Na kama mtambo wa ofisi umepangwa kutuma kipande kimoja tu, mwananchi atapata tarehe ya mkutano bila mahali pa mkutano.

Fundi mwenye bidii atajuaje kisu kiko wapi? Kuna jaribio dogo ambalo hata kijana wa steshenari anaweza kulifanya. Andika tarakimu 1 hadi 9 na 0, urudie mara thelathini, ili upate herufi 300 kamili, kisha utume. Hesabu zilizorudi. Zikiwa 255, tatizo ni safu ya hifadhidata. Zikiwa 160, ujumbe wa simu umehusika mahali fulani njiani. Zikirudi zote 300, basi urefu si tatizo; jaribu ritifaa, kisha alama za mtajo, kisha alama ya & ambayo wenye kampuni za watu wawili huipenda, maana nayo hukata maneno yanaposafirishwa kwenye anwani ya ukurasa. Picha za vikaragosi, zile za uso unaocheka, hukata pia katika hifadhidata za zamani: kila kilichoandikwa baada ya uso huo hupotea. Na kabla ya kulaumu chochote, fundi ahakikishe kwamba maneno yamekatwa kweli, maana pengine yamo hifadhini yote na ni dirisha la kuyaonyesha ndilo jembamba.

Liko tatizo la mistari, ambalo limewatoa jasho wengi. Kivinjari huhesabu mruko wa mstari kuwa alama moja, lakini kikiutuma hupeleka alama mbili. Mtu aliyeambiwa asizidishe herufi 500, akaandika 500 kamili katika aya kumi na moja, hufika kwenye seva akiwa na 510. Kumi za mwisho zinaliwa, naye aliyeandika ana haki ya kusema kwamba alifuata masharti.

Linalotusumbua zaidi ya yote ni ukimya. Zamani, mtu alipokwenda posta kupeleka simu ya maandishi, karani aliyahesabu maneno mbele yake kwa ncha ya kalamu. Fedha zikipungua alimwambia, na mtu mwenyewe ndiye aliyechagua neno la kuacha. Hakuna karani aliyepokea maneno ishirini, akapeleka kumi na mawili, kisha akatabasamu. Kompyuta nyingi zilifanya hivyo hasa. MySQL, ikiachwa katika mipango yake ya zamani, ilipokea maneno marefu, ikakata, na kuacha onyo mahali ambapo hapasomwi na mtu. Toleo lililotoka mwaka 2015 liligeuza utaratibu huo: neno likizidi, linakataliwa wazi. Hata hivyo mipango ya zamani bado inaweza kurejeshwa kwa mstari mmoja, na wapo wanaoirejesha ili programu zao kuukuu zisiwasumbue. Mwananchi anayekataliwa waziwazi aweza kupunguza maneno, au kuuliza, au kugombana. Anayekatwa kimyakimya hajui kwamba ana jambo la kugombania.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mtambo uliofanya hesabu za Hazina kuleta matatizo makubwa. Hatuombi turudi huko, na mchimbaji wa Mgusu asingetushukuru kwa kumrudisha kwenye foleni ya dirishani. Tunachotaka ni kidogo zaidi ya hapo. Kila ofisi inayofungua fomu kwa wananchi wa Kanda ya Ziwa iijaribu kwanza kwa jina la Nyang'hwale, kwa jina la ukoo lenye Ng' mbele, na kwa barua ya malalamiko ya kurasa mbili yenye salamu zake zote. Jaribio lifanywe na mtu asiye mtengenezaji wa fomu hiyo. Kikomo cha herufi kiandikwe juu ya kisanduku, na kihesabiwe mbele ya macho ya anayeandika.

Kwa upande wa waombaji, wengi wao hawachapi wenyewe. Wanamwamlia kijana wa steshenari pale Kahama au Katoro, wanalipa, wanaondoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Waombe kwanza nakala ya maelezo yao ihifadhiwe kando kabla ya kutumwa. Kisha, kabla hawajalipa, kijana awasomee ukurasa wa uthibitisho kwa sauti, tangu jina la kwanza hadi sekunde ya mwisho ya longitudo, na mwenye duara akimwambia arudi nyuma kwenye jina la wilaya, arudi.