Mwalimu mkuu aliyerudi kushika chaki

Wasifu wa Edward Carey Francis kwa kawaida husimuliwa kwa utulivu hadi mwaka 1962, kisha msimulizi hukimbia moja kwa moja hadi 1966, mwaka aliofariki. Miaka minne ya katikati huachiwa sentensi moja tu: alistaafu Alliance akaenda kufundisha Shule ya Sekondari ya Pumwani, Nairobi. Sentensi hiyo inasumbua. Mtu aliyeongoza shule ya Maseno kwa miaka 12, halafu akaongoza Alliance, shule iliyokuwa ndoto ya kila mzazi wa Kiafrika nchini Kenya, kwa miaka 22, alikubali akiwa anakaribia umri wa miaka 65 kuwa mwalimu chini ya mkuu mwingine, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini. Hakualikwa huko awe mlezi wa shule wala mgeni wa heshima wa siku ya zawadi. Alikuwa na vipindi, alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka alikotoka. Francis alizaliwa London mwaka 1897, akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akasomea hisabati Cambridge na kubaki hapo kama mhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Mwaka 1928 kilichapishwa kitabu cha mazoezi alichoandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, kuhusu mifululizo isiyo na kikomo. Ni hesabu za aina hii: chukua nusu, ongeza robo, ongeza thumni, ongeza nusu ya thumni, endelea hivyo bila kusimama, jumla itaikaribia moja daima wala haitaipita. Msomaji wa kitabu kile alitakiwa athibitishe ni mifululizo ipi hutulia kwenye kikomo na ni ipi hutoroka. Mwaka uleule Francis aliacha yote hayo akaja Maseno, kwa shirika la wamisionari la CMS, kuwafundisha vijana wa Nyanza. Baadaye aliandika hata vitabu vya hesabu vya shule za msingi. Sasa mweke mtu huyo Pumwani mwaka 1963, mbele ya ubao, akiwaeleza vijana hesabu za kidato cha kwanza. Wanafunzi waliokuwa na umri wa miaka 15 wakati huo walikuwa na miaka sita hivi mwezi Aprili 1954, wakati jeshi la Waingereza lilipouzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwasomba wanaume wa mitaa ya Eastlands kwa maelfu. Jirani na shule kulikuwa na Majengo, Shauri Moyo, soko la Gikomba na uwanja wa Kamukunji. Kwa watoto wa mitaa hiyo, mwalimu wa kiwango kile hakuwa kitu cha kutarajia.

Nasema miaka minne hiyo ndiyo inayostahili heshima ya kwanza, na kwamba kuipita haraka kunaonyesha jinsi tunavyowapima walimu. Tunampima mwalimu kwa mahali alipotokea baada ya kutoka darasani, au kwa vyeo vya wanafunzi wake. Nyerere tunamwita Mwalimu, lakini sifa zake huanza pale alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Daniel arap Moi alifundisha kabla ya kuingia bungeni mwaka huohuo. Ronald Ngala alikuwa mwalimu mkuu Mombasa, Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno. Wote walitoka, na siwalaumu, nchi iliwahitaji. Ila mtoto anayesoma historia hiyo anajifunza kwamba ualimu ni kituo cha kupandia basi. Francis mwenyewe husifiwa kwa orodha ya mawaziri na makatibu wakuu waliopita Alliance. Pumwani haina orodha ya namna hiyo, basi Pumwani haisimuliwi.

Mfumo wetu wa kazi unafuata kipimo hichohicho. Katika muundo wa vyeo wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, daraja la juu kabisa la shule, D5, hukaliwa na wakuu wa shule kubwa. Mwalimu stadi wa fizikia anayetaka kupanda hadi huko lazima akubali kuhamia kwenye ofisi yenye mikutano ya bodi, zabuni za mahindi na maharagwe, karo zisizolipwa na ukaguzi wa hesabu za fedha. Kazi hiyo ni ya lazima, na mkuu hodari ni neema kwa shule. Lakini kila tunapompandisha cheo mwalimu bora kwa kumwondoa ubaoni, wanafunzi arobaini au hamsini wanapoteza kitu ambacho ofisi haiwarudishii.

Kuna atakayesema Francis angeweza kufanya hivyo kwa urahisi: hakuoa, hakuwa na watoto wa kulipia karo, na alikuwa mmisionari aliyezoea kuishi kwa kidogo. Ni kweli. Mwalimu wa leo mwenye mkopo wa SACCO na wazazi wa kutunza kijijini hawezi kuambiwa aache marupurupu kwa kuiga mfano wa mzungu mseja. Pingamizi hilo nalikubali lote, na naona linaunga mkono hoja yangu. Ikiwa kubaki darasani kunawezekana tu kwa mtu asiye na familia, basi tumelifanya darasa kuwa mahali pa kukimbia, na kosa hilo liko kwenye muundo wa mishahara.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Francis alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni. Alikuwa mkali, aliendesha Alliance kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, na siasa za ukombozi hazikuwa mapenzi yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958 wakati ndugu yake yuko msituni na Mau Mau, ameueleza katika kumbukumbu zake mvutano wa kulindwa na kuta za shule ambayo ilikuwa pia sehemu ya dola lililokuwa likichoma vijiji. Elimu ile iliwatenga vijana wachache na lugha na watu wao, na anayemsifu Francis bila kulitaja hilo anadanganya. Hata hivyo, heshima ya haki hutaja tendo lenyewe. Kwenda Pumwani hakukumwongezea madaraka wala hakukumjengea mrithi. Je, alikwenda kwa sababu aliona Alliance ilikuwa imewahudumia wateule vya kutosha? Au hakujua tu kuishi siku isiyo na kipindi? Na wale vijana wa Pumwani, walimwona mwalimu, au walimwona mzungu wa mwisho aliyekataa kuondoka?

Hatujachelewa kuwauliza, kwa sababu wengi waliokaa kwenye madawati yale wana miaka sabini na kitu. Yeyote anayeandika historia ya elimu Kenya aanze nao kabla ya kurudi tena kwa mawaziri. Na TSC, inapopitia upya muundo wa vyeo vya walimu, ifungue daraja la D5 kwa mwalimu anayetaka kustaafu akiwa bado na vipindi ishirini kwa wiki.