Samadi: Lipia Kuiozesha, Si Kuisafirisha

Ng'ombe wa maziwa wa Githunguri, Kiambu, huletewa majani ya napia zizini. Kinyesi, mkojo na mabaki ya majani hukusanyika pamoja, mara nyingi chini ya paa. Ng'ombe wa Borana wa Fafi, Garissa, hushinda malishoni, na samadi inayopatikana ni ya usiku tu, ndani ya boma la miiba, ikikanyagwa mchangani na kukaushwa na jua. Mkulima wa Hagadera, Dadaab, anayepanga kununua samadi ajue kwanza kwamba hizi ni bidhaa mbili tofauti, ingawa jina ni moja.

Unachokipata katika kila moja

Takriban nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe imo katika mkojo. Zizi la Kiambu lenye sakafu ngumu na matandiko huweza kuihifadhi. Katika boma la wazi sehemu kubwa yake hupotea hewani. Samadi ya boma pia huwa na mchanga mwingi. Ipime kabla ya kulipa: tia konzi moja katika chupa ya maji, tikisa, uiache itulie. Tabaka linaloshuka haraka chini ni mchanga, na huna haja ya kuulipia mkokoteni wa punda ukuletee mchanga Hagadera.

Samadi ya mbuzi na kondoo, ambayo ni nyingi hapa, kwa kawaida ina naitrojeni zaidi ya ile ya ng'ombe wa malishoni. Lakini ikitiwa mbichi huunguza miche.

Hesabu ya gharama

Kutoka Kiambu hadi Hagadera ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Tani moja ya samadi kavu yenye asilimia 1 ya naitrojeni inakupa kilo 10 tu za naitrojeni. Gunia moja la mbolea ya DAP la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni, pamoja na kilo 23 za fosfati, na mwaka 2023 serikali ililiuza kwa shilingi 2,500 kwa mkulima aliyesajiliwa. Kwa hiyo ukitazama virutubisho peke yake, lori la samadi kutoka nyanda za juu halilipi hata kidogo.

Samadi ya boma la jirani mara nyingi ni ya bure au karibu na bure; gharama yake ni mkokoteni na jasho. Na mahitaji ya bustani si makubwa. Kiwango cha tani 10 kwa hekta ni sawa na kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Kitalu cha mchicha cha mita 2 kwa 5 kinatosheka na kilo 10, takriban debe moja la samadi kavu.

Udongo hauombi kitu kimoja

Udongo mwekundu wa Kiambu una asidi na hukamata fosforasi. Mvua ni ya kutosha, na samadi hupunguza asidi hiyo. Dadaab hupata takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka, na mchanga wake haushiki maji. Hapa kila debe la maji lina bei yake, kwa fedha au kwa saa za foleni. Samadi iliyooza hufanya maji yakae karibu na mizizi, kazi ambayo DAP haiwezi kuifanya kwa bei yoyote. Ndiyo sababu siihesabu samadi kwa naitrojeni pekee.

Lakini kuna tahadhari tatu ambazo mkulima wa Kiambu hana haja ya kuziwaza sana. Samadi ina chumvi, na baadhi ya visima vya eneo hili vina maji ya chumvi pia; ukizidisha, majani huungua pembeni. Mchwa hula samadi kavu iliyoachwa juu ya ardhi, kwa hiyo ifukie. Na mifugo hula maganda ya mti wa mathenge, mbegu zikapita tumboni zikiwa hai. Ukiitia samadi mbichi bustanini, unapanda mathenge kwa mkono wako mwenyewe.

Uchaguzi wangu

Mwenye bustani ya magunia au kitalu kidogo: chukua samadi ya mbuzi au ng'ombe wa hapa, ichanganye na majani makavu, iloweshe kwa maji yaliyooshewa vyombo, ifunike, na uigeuze kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Joto la ndani huua mbegu nyingi. Zile zinazochipua hufukiwa unapogeuza.

Mwenye shamba la tikiti maji au ndizi kando ya Mto Tana: tumia samadi iliyooza katika mashimo, si kuitawanya shamba zima, na uongeze DAP kidogo wakati wa kupanda ikiwa umesajiliwa.

Mwenye ng'ombe wachache wa maziwa kijijini: wajengee kivuli na uwatandikie nyasi kavu. Kivuli kitamfaa ng'ombe mchana, nayo matandiko yatanywa mkojo usiku.

Ukiwa na shilingi za ziada, usimpe mwenye lori. Mpe kijana wa kugeuza lundo.