Maji ya Paa Katika Nchi ya Mawe Meusi

Mgeni afikaye Goma hustaajabu. Mvua yanyesha zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nalo ziwa Kivu li mbele ya macho yake. Walakini mjini haoni mto. Maji yamekwenda wapi? Nchi hii imetandikwa mawe ya volkeno yenye matundu na nyufa, nayo huinywa mvua mara ianguekapo. Ndiyo sababu tangu alfajiri twawaona watoto wakishuka ziwani na bidoni zao, na vijana wakisukuma chukudu zilizojaa maji ya kuuza. Maji hayo ya ziwani, yakinywewa bila kutiwa dawa, yaweza kuleta kipindupindu. Tena tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, mabomba na tangi kubwa la maji viliharibika, na taabu ikazidi.

Basi, enyi wazazi, inueni macho mtazame paa zenu. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati lifunikalo meta 6 kwa 5 (pimeni chini, wala msifuate mteremko wa bati) hupokea lita 300 kwa mvua ya milimita 10. Hata tukitoa sehemu ya tano iliyomwagika, zasalia lita 240, yaani bidoni 12 za lita 20. Na ni binti gani aliyezibeba kichwani? Hakuna.

Kazi yenyewe si ngumu. Mfereji wa bati hufungwa chini ya ukingo wa paa, ukiinama kidogo kuelekea tangi. Maji ya kwanza hayafai kuhifadhiwa, kwa maana yameosha vumbi, majivu na mavi ya ndege, yaacheni yamwagike. Tangi lifunikwe vema, na mdomo wake uwe na wavu, mbu wasizae humo.

Lakini hapa kwetu liko jambo ambalo wengi hawalijui. Moshi wa volkeno una floridi, na mvua ipitayo ndani yake huishusha mpaka tangini, hasa katika vijiji vya magharibi ya mlima, ambako upepo huupeleka moshi mara nyingi. Shirika la Afya Ulimwenguni lakubali miligramu 1.5 tu katika lita ya maji ya kunywa. Ikizidi, meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika, na ikizidi sana miaka mingi, hata mifupa huharibika. Kuchemsha huua vijidudu, bali floridi haiondoki. Mlima ukitoa moshi, maji ya paa yawe ya kufua, kuoga na kusafisha nyumba. Watoto wanywe maji yaliyopimwa.

Mwenye fedha kidogo aanze na mfereji upande mmoja wa paa, na pipa moja la lita 200 lisilowahi kutiwa mafuta wala dawa. Kwa paa lile tulilolitaja, mvua ya milimita 17 yatosha kulijaza.