Pisuari Inayovuja Haiponi kwa Sementi

Kukuta bonge la sementi limebandikwa kwenye kiungo cha bomba chini ya pisuari si jambo geni Bukavu, iwe shuleni, kwenye baa au ofisini. Fundi hupaka, sakafu hukauka siku kadhaa, kisha unyevu hurudi, safari hii pembeni mwa sementi. Lawama huwaangukia muuza sementi na fundi. Kwa maoni yangu kosa liko kwingine: mara nyingi kiungo huvuja kwa sababu bomba lenyewe limeziba nusu, na kulipaka kwa nje ni kuacha tatizo likue ndani.

Mkojo hubeba urea pamoja na kalisi, magnesi na fosfeti. Ukituama ndani ya sifoni, yaani ule mpindo unaobakiza maji ili harufu isirudi juu, bakteria huivunja urea ikawa amonia. Hapo mkojo hugeuka wa kialkali, pH ikapanda hadi karibu 9, na madini yaliyokuwa yameyeyuka huganda kwenye kuta za bomba. Fungua sifoni iliyotumika miaka bila kusafishwa: utaona gamba la njano na kahawia, gumu kama jiwe, lenye chembechembe, na tundu la milimita 40 limebaki la kupitisha kidole tu. Maji yakishindwa kupita, husimama juu ya kiungo kilichotengenezwa kuyapitisha, si kuyahifadhi. Raba iliyochoka huachia. Sementi nayo haishikani vizuri na plastiki laini; bomba likitikisika kidogo tu, ufa mwembamba huzunguka kiungo chote.

Kwa hiyo matengenezo huanza kwa kufungua. Funga maji, weka ndoo chini, vaa glavu, legeza nati za sifoni na utoe raba. Gamba laini hutoka kwa brashi na maji ya vuguvugu; lile gumu liloweke usiku kucha kwenye siki. Javeli, yaani dawa ya klorini ya kusafishia, isiingie hapo hata tone: ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu, tena ndani ya chumba chenye dirisha dogo. Bomba la chuma lililooza likatwe na kuwekwa la PVC, kingo zisuguliwe kwa msasa na kupakwa gundi yake, zisiguswe mpaka gundi ikauke. Raba iwe mpya, kwa maana ya zamani hukakamaa hata ikionekana nzima. Kisha pima mteremko: sentimita 2 kwa kila mita. Bomba lililolala, au lenye tumbo katikati, litatuamisha mkojo na gamba litaanza upya hata kama kila kiungo ni kipya.

Wapo watakaosema mkojo ni kidogo, ardhi itaunywa. Lakini shule yenye wavulana 300, kila mmoja akikojoa robo lita mara moja tu, ni lita 75 kwa siku, kabla hujahesabu maji ya kuoshea. Na Kasha, katika komini ya Bagira, ni mtaa wa miteremko kama ilivyo sehemu kubwa ya mji huu uliokaa juu ya Ziwa Kivu. Kinachovuja kwa wa juu kinamshukia wa chini. Udongo wetu wa mfinyanzi, uliotokana na basalti iliyooza, ukilowa hupoteza nguvu. Vipimo vya rada za satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba ardhi ya Funu, katika komini ya Kadutu, inateleza. Sidai kwamba pisuari inaporomosha mlima. Mvua za Septemba hadi Mei ndizo zenye uwezo huo. Ninachosema ni kwamba msingi unaoloweshwa hata Julai, wakati hakunyeshi, huipokea mvua ya Septemba ukiwa umeshalegea. Tena nitrojeni ya mkojo hugeuka nitrati ardhini, nayo husafiri na maji mpaka kwenye chemchemi ambako familia huchota wakati bomba la REGIDESO, shirika la maji, limekauka.

Pingamizi zito zaidi ni la uhaba wa maji: utaoshaje sifoni ikiwa hata ya kunywa hayapatikani? Haihitaji ndoo nzima kila mara. Lita 2 za maji ya mvua, yakimwagwa kwa nguvu jioni watu wakishaondoka, huusukuma mkojo usilale kwenye sifoni, kwa maana usiku ndipo bakteria hupata nafasi ya kufanya kazi bila kusumbuliwa. Maji ya kufulia hayafai, sababu sabuni huganda na kalisi na kuongeza gamba. Mkuu wa shule aandike kwenye bajeti kwamba sifoni itafunguliwa kila muhula, na fundi alipwe baada ya ndoo 2 kumwagwa na kitambaa kikavu kupitishwa chini ya kila kiungo.