Fahamu Sababu za Jaketi la Mvua Kupoteza Uwezo wa Kuzuia Maji

Na Mwandishi Wetu, Endulen

Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa inayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Katika Kata ya Endulen, Wilaya ya Ngorongoro, mvua hizo huambatana na ukungu na baridi ya nyanda za juu. Mfugaji anayetoka alfajiri na mifugo, mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu na mgonjwa anayeelekea Hospitali ya Endulen hukabiliwa na hatari moja. Mwili ukilowa hupoteza joto haraka, kwa kuwa maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa.

Kwa sababu hiyo, wananchi wengi huvaa jaketi la mvua pamoja na shuka. Majaketi mengi huuzwa kama mitumba, yakiwa yamekwishatumika kwa miaka kadhaa kabla ya kumfikia mnunuzi wa Karatu au Endulen. Hapo hutokea hasara za aina mbili: kutupa jaketi ambalo lingeweza kurejeshewa uwezo wake kwa kufuliwa tu, au kuliamini jaketi ambalo kinga yake imekwisha kabisa.

Jaketi lina kinga mbili

Jaketi la kawaida la plastiki huzuia mvua, lakini huzuia pia jasho kutoka, hivyo mvaaji hulowa kwa ndani. Jaketi linalopitisha hewa limetengenezwa kuondoa tatizo hilo. Ndani yake kuna utando mwembamba ambao huzuia matone ya maji kuingia na wakati huohuo huruhusu mvuke wa jasho kutoka. Utando uliojulikana zaidi ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani Robert Gore mwaka 1969, alipovuta kwa ghafla plastiki ya aina ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Plastiki hiyo ilitanuka na kufanya vitundu visivyoonekana kwa macho, vidogo mno kuliko tone la maji lakini vikubwa kuliko chembe ya mvuke. Majaketi mengine hutumia tabaka la poliyurethani lililopakwa upande wa ndani wa kitambaa.

Kinga ya pili iko juu ya kitambaa cha nje. Hii ni dawa inayopakwa kiwandani ili maji yajikusanye kuwa matone na kuteleza. Dawa hiyo ndiyo huchakaa kwanza.

Jinsi uchakavu unavyotokea

Dawa ya nje hupungua kwa msuguano, hasa mabegani panapobebwa mizigo, na kwenye mikono. Vumbi la kiangazi, mafuta ya mwili, masizi ya moshi wa kuni na mabaki ya sabuni ya unga hufunika sehemu iliyobaki. Matokeo yake, kitambaa cha nje hunywa maji na kuwa kizito. Utando wa ndani unaweza kuwa bado mzima, lakini mvuke wa jasho haupati njia ya kutoka. Jasho hugeuka maji ndani ya jaketi, na mvaaji hudhani kwamba mvua imepenya.

Uchakavu wa pili hutokea kwenye mishono. Sindano hutoboa utando, hivyo kiwanda hubandika utepe juu ya kila mshono. Gundi ikichoka, utepe hubanduka na maji hupita kwenye matundu ya uzi.

Uchakavu wa tatu ndio usio na tiba. Tabaka la poliyurethani huvunjika taratibu kwa unyevu na joto, hata kama jaketi limekaa mfukoni bila kuvaliwa. Dalili zake ni kunata, harufu kali na magamba yanayobanduka kwa ndani.

Ukaguzi kabla ya kununua

Mnunuzi anashauriwa kuligeuza jaketi nje-ndani na kulikagua mabegani, kwenye kofia na kwenye mishono. Likiwa linanata au lina magamba, lisinunuliwe kwa ajili ya mvua. Likionekana zima, amwagie maji kidogo juu ya bega. Maji yakiteleza, dawa ya nje ipo. Yakinywewa, ashike kitambaa kama bakuli, upande wa nje ukiwa juu, aweke maji na kusubiri dakika chache, kisha apapase upande wa chini. Ukiwa mkavu, utando unafanya kazi, na jaketi linahitaji kufuliwa tu.

Namna ya kulitunza

Jaketi lifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, bila jiki wala dawa ya kulainisha nguo, na lisuuzwe mara kadhaa hadi povu liishe. Lisikamuliwe kwa kusokotwa. Lianikwe kivulini, na likikauka lipigwe pasi ya joto dogo juu ya kitambaa safi, iwapo lebo inaruhusu. Joto hilo huamsha dawa iliyobaki. Pasi ya mkaa itumike kwa uangalifu, kwa kuwa ikizidi joto huunguza utando. Lisipakwe nta wala mafuta ya kupikia, kwani huziba njia ya mvuke na kuvuta uchafu.

Hofu kwamba kufua kunaharibu jaketi si sahihi. Uchafu ndio unaoliharibu zaidi. Jambo hili lina uzito kwa majaketi mapya. Mwaka 2019, Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama, uliiingiza kemikali ya PFOA katika orodha ya zile zinazopaswa kuondolewa. PFOA ilihusiana na dawa za zamani za kuzuia maji zenye florini. Viwanda vingi sasa hutumia dawa zisizo na florini, ambazo huzuia maji lakini hazistahimili mafuta kama zile za awali, hivyo majaketi hayo yanahitaji kufuliwa mara kwa mara zaidi.

Jaketi lililokwisha kabisa lisichomwe motoni, hasa ndani ya nyumba, kwa kuwa baadhi ya utando hutoa moshi wenye sumu. Linaweza kuvaliwa siku za upepo bila mvua. Utepe wa mshono uliobanduka ubandikwe upya mapema kwa gundi isiyopitisha maji, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wananchi wanahimizwa kufanya ukaguzi huu kabla ya Masika kuanza.