Jinsi DNA ilivyofumbua fumbo la hesabu

DNA inapotajwa, aghalabu fikra za wengi huenda kwenye kesi za kubaini baba mzazi wa mtoto. Ni wachache wajuao kwamba chembechembe hizo zimewahi kufanya kazi ya tarakilishi.

Mnamo 1994, Leonard Adleman wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alizitumia kufumbua fumbo hili: Kuna miji 7 iliyounganishwa kwa barabara 14 za kuelekea upande mmoja tu. Je, msafiri anaweza kutoka mji wa kwanza hadi wa mwisho, akipitia kila mji mara moja pekee?

Fumbo lenyewe laonekana jepesi. Hata hivyo, miji inapoongezeka, idadi ya njia za kuchunguzwa hufura kupita kiasi hadi tarakilishi ya kawaida ikaelemewa. Mafumbo ya jamii hii ndiyo huwasumbua wanaopanga ratiba za shule na safari za malori ya mizigo.

Adleman aliuwakilisha kila mji kwa kipande cha DNA chenye herufi 20, na kila barabara kwa kipande ambacho nusu yake ingeshikamana na mji wa kutokea, nusu nyingine na mji wa kufikia. Katika DNA, herufi A hushikana na T, nayo C na G. Kwa hivyo, vipande hivyo vilipochanganywa katika majimaji, vilitafutana na kuunda nyuzi zisizohesabika kwa wakati mmoja, kila uzi ukiwa safari moja.

Kisha ikaja kazi ya kupepeta. Nyuzi zilizoanza au kuishia pasipofaa ziliachwa, zisizo na urefu unaotakikana zikaondolewa, na zilizokosa mji wowote zikatupwa. Zilizosalia zilikuwa jibu. Kazi hiyo ya maabara ilichukua takriban siku 7.

Mnamo 2002, Adleman na wenzake walipata jibu moja sahihi miongoni mwa 1,048,576 yaliyowezekana.

Je, tarakilishi za kawaida zimepata mshindani? La hasha. Mnamo 1995, mtaalamu Juris Hartmanis alikokotoa kwamba fumbo la miji 200, kwa mbinu hiyo, lingehitaji DNA yenye uzito kuliko dunia nzima. DNA huokoa muda, lakini gharama yake hulipwa kwa uzito. Hivyo basi, wapangaji wa ratiba wangali wakitegemea tarakilishi za kawaida, na mara nyingi huridhika na jibu linalokaribia lile bora.