Kisasi cha Filamu na Hatia ya Mtazamaji

Filamu ya kisasi, yaani ile inayomfuata aliyedhulumiwa hadi amwage damu ya waliomdhulumu, hujengwa kwa mpangilio ambao watazamaji wengi hawautilii maanani ingawa ndio unaowatia hatiani: dhuluma hutangulia, tena kwa ukatili wa kutosha kumpandisha mtu hasira, ili kila pigo litakalofuata lionekane kuwa deni linalolipwa. Katika Death Wish, iliyoongozwa na Michael Winner mwaka 1974, mke wa msanifu majengo Paul Kersey anauawa na wavamizi nyumbani kwao New York, na tangu hapo kila kibaka anayepigwa risasi na Kersey usiku huhesabiwa na hadhira kuwa alistahili, wala hakuna anayedai ushahidi.

Gaspar Noé aliupindua mpangilio huo katika Irréversible (2002), filamu ya Kifaransa inayosimuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mapema kabisa mtazamaji anawaona wanaume wawili ndani ya klabu yenye giza, mmoja wao akimponda mtu uso kwa mtungi wa kuzimia moto, pigo juu ya pigo, na kamera haigeuki pembeni. Sababu ya unyama huo, ambayo ni kubakwa kwa mwanamke aitwaye Alex, huonyeshwa baadaye. Kwa kuwa hasira haijaandaliwa, kinachompata mtazamaji ni kichefuchefu tu, na akiwa makini atagundua kwamba aliyepondwa si mbakaji, kwani mbakaji mwenyewe amesimama kando akitazama, jambo ambalo, kwa kweli, ndilo hadhira nayo inalolifanya.

Michael Haneke wa Austria alikuwa amekwisha kuwa mkali zaidi katika Funny Games (1997). Mama aliyetekwa pamoja na familia yake ananyakua bunduki na kumpiga risasi mmoja wa watekaji, na mtazamaji anashusha pumzi. Mtekaji wa pili anatafuta rimoti, anairudisha nyuma filamu yenyewe, kisha anamwahi mama yule kabla bunduki haijalia. Haneke anaweza kulaumiwa kwa kuihubiria hadhira iliyolipa kiingilio, lakini ile furaha ya sekunde chache haifutiki pamoja na picha.

Katika Death Wish hakuna rimoti. Kersey anafika Chicago, anawaelekezea wahuni kidole kama bastola, anatabasamu, na filamu inakwisha. Wavamizi waliomuua mkewe hakumpata hata mmoja.